Moshi wa Lori la Vudee

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkaguzi wa magari alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakikunjua, akakitandaza mbele ya bomba la moshi la lori letu kama mtu anayekinga maji ya mvua. Naijua saa hiyo kwa hakika kwa sababu saa ya Mzee Eliamini, dereva wetu, ilikuwa mkononi mwangu. Alikuwa ameivua ili asiipake grisi. Tulikuwa kwenye uwanja ulio karibu na stesheni ya Same, magari kumi na moja kwenye mstari, na jua lilikuwa bado limejificha nyuma ya milima ya kwetu, hivyo nusu moja ya uwanja ilikuwa ya dhahabu na nusu nyingine, tuliposimama sisi, ilikuwa ya kijivu. "Kanyaga," alisema mkaguzi. Mzee Eliamini akakanyaga. Mkaguzi akahesabu polepole hadi ishirini, akainua mkono, injini ikatulia, naye akakigeuza kitambaa ili tukione. Kilikuwa cheusi, weusi laini, kama upande wa nje wa chungu. "Mzee, hili ni lori au tanuri la mkaa?" Madereva waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Akaandika fomu, akanikabidhi mimi nakala, kwa kuwa jalada lilikuwa kwangu: limeshindwa, moshi, lirudi baada ya siku kumi na nne, litembee bila mzigo, likishindwa tena, libaki yadi ya mkoa. Kitambaa akampa Mzee Eliamini. "Kaa nacho," alisema. "Kitakukumbusha."

Nimeanza na saa hiyo kwa sababu imenirudia yenyewe. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Eliamini huko Vudee, kwenye ukungu mzito kiasi kwamba waliosimama upande wa pili wa kaburi walionekana kama nguo zilizoanikwa. Baada ya maziko mkewe, Mama Nambua, aliniita jikoni, akafungua kopo la majani ya chai, akanitolea kitambaa kile, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Nitaieleza karatasi hiyo mahali pake. Nimetengeneza mashine za watu kwa miaka zaidi ya ishirini, na sijawahi kufaidika kwa kuruka hatua.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, karani wa stoo ya kijiji. Masomo yangu ya darasani yaliishia la saba. Mengine niliyatoa kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyokuwa imepoteza jalada. Lori lilikuwa kuukuu tangu siku lilipofika, kwa sababu lilitumikia shamba la mkonge miaka mingi kabla halijawa la kijiji. Lakini kabla yake wanawake wa Vudee waliteremka na maharage na kahawa kichwani, wakitoka jogoo la kwanza, wakifika tambarare jua likiwa limekwisha kuwa kali, na kupanda tena na chumvi na mafuta ya taa. Lori lilikuwa na miaka miwili tu kwetu, na mama mmoja jirani alikuwa ameniambia, kwa mshangao wa mtu anayeeleza ndoto, kwamba shingo yake imeanza kugeuka upande wa kushoto tena. Ndiyo maana fomu ile ilikuwa nzito mkononi. Kila mtu alijua kwamba gari linaloingia yadi ya mkoa halirudi. Linang'olewa kidogo kidogo, leo betri, kesho tairi, mpaka majani yanaota ndani.

Tulipanga kwa Bi Zena, mjane aliyeuza mafuta ya taa na samaki mtaa wa nyuma ya stesheni. Mzee Eliamini alilala chumba cha wageni wa kiume pamoja na vibarua wawili wa mkonge, mmoja wa Kigoma na mwingine wa Songea; mimi nililala na Bi Zena mwenyewe, kitanda cha kamba, chini ya chandarua chenye kiraka chekundu. Chumba kilinuka udi na perege wa kukaanga, na harufu hizo mbili zilikaa pamoja bila ugomvi. Alasiri mwanga uliingia kwa tundu la bati ukatembea ukutani polepole, na mimi, nikiwa na kitabu cha lori na kamusi mapajani, niliufuata kwa macho mpaka maneno yakaanza kuelea. Hata leo, nikiota ndoto ya utulivu, huwa ni chumba hicho, na treni ya mizigo ikipita nyuma ya ukuta, na glasi za Bi Zena zikigongana kabatini bila kuguswa.

Jioni tulikula uani. Bi Zena alipika samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu na wali, na siku nyingine alinipa jiko nipike makande, akionja na kusema yanafaa kuzibia ukuta. Vibarua walimchokoza Mzee Eliamini. "Mzee, kwa nini mnahangaika na moshi?" aliuliza yule wa Kigoma. "Mpelekeni mkaguzi mahakamani. Si nasikia Mpare kama wewe huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku?"

"Huo ni uongo," alisema Mzee Eliamini, akitoa mwiba mdomoni. "Huuza ng'ombe wawili. Mmoja wa kesi, mmoja wa rufaa."

"Semeni polepole," alisema Bi Zena. "Kuku wenyewe wanasikia."

Njia ya kazi niliipanga mimi. Kitabu kilikosa kurasa za mwanzo, lakini ukurasa wa moshi ulikuwepo, na niliutafsiri neno kwa neno. Moshi wa bluu: injini inaunguza oili. Moshi mweupe: dizeli inatoka bila kuungua. Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. "Yaani," nilimwambia Mzee, "ni mtu anayekula sana huku pua imezibwa." Akafikiri. "Ni mgeni wa harusi," alisema. Kisha kitabu kikatoa orodha ya mambo matano ya kukagua, kwa utaratibu, nami nikayaandika kwenye daftari: hewa, nozeli, filta ya dizeli, nafasi za valvu, pampu. Mbele ya la kwanza niliandika palepale, kwa mkono ulionyooka: *Kichujio cha hewa ni safi. Nilikisafisha mwenyewe siku ya msaragambo.* Nikaweka alama ya vema, nikaendelea na la pili.

Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja. Baragumu hupigwa asubuhi na kila nyumba hutoa mtu. Ndivyo tulivyochimba mifereji na kukata barabara, na ndivyo, siku nne kabla ya ukaguzi, mwenyekiti wa kijiji alivyoitisha watu waoshe lori. Naiona asubuhi ile ikiwa imezungukwa na mwanga, kama picha iliyochukuliwa na jua usoni. Wanawake walisugua bodi kwa mchanga na majivu, wazee walikwangua udongo kwenye matairi kwa mapanga, mtu mmoja alipaka namba upya kwa rangi ya madirisha ya shule. Mimi nilipewa injini kwa sababu nilijua kusoma kitabu chake. Mwisho lori liling'aa mpaka mbuzi wakasimama kujitazama. Na lori hilo hilo, lililokuwa likivuta vizuri miaka miwili, lilianza kutoa moshi mweusi lilipoteremka kwenda kukaguliwa.

Tulifungua nozeli zinazonyunyizia injini dizeli, tukazisafisha kwa dizeli na waya mwembamba kama unywele. Moshi ulibaki. Tulibadilisha filta ya dizeli, tukamwaga tangi lote na kujaza kutoka pipa jingine. Moshi ulibaki. Tulipima valvu kwa kipande cha chuma tulichoazima kwenye karakana ya shamba la mkonge. Kila tulipopita mjini kujaribu, vijana wa sokoni waliimba, "Treni ya Vudee hiyo! Imetoka relini!" Mzee Eliamini aliwapungia mkono kama kiongozi wa msafara. Nilianza kuandika moshi wenyewe: saa, mahali, rangi. Asubuhi ya baridi, mweusi sana. Mchana wa jua kali, mweusi kidogo. Baada ya manyunyu, mweusi kuliko siku zote. Tulikwenda hadi Makanya, vumbi la jasi likitulia juu ya boneti jeupe kama unga, na nikaandika: hewa kavu, nafuu. Niliziandika dalili hizo kwa uaminifu mkubwa na sikuzielewa hata moja. Nilikwenda mbali zaidi: niliuliza ni nani aligusa nini siku ya msaragambo, nikapata majina kumi na manne, kila jina na kazi yake. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi tangu wakati huo. Imepangwa vizuri. Jina langu halimo.

Siku ya tisa alikuja fundi kutoka mji wa Moshi, mtu mwenye ovaroli safi, akasikiliza injini akiwa amefumba macho kama anayesikiliza kwaya. "Pampu imekwisha," alisema. "Inamwaga dizeli. Mpya ni shilingi elfu tatu na mia sita, na kuipata ni kwa bahati." Hiyo ilikuwa karibu fedha yote ya maharage ya msimu. Kesho yake mwenyekiti akateremka mwenyewe na mjumbe mmoja wa halmashauri, wakakaa barazani kwa Bi Zena. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya dirisha la mbao, nikichambua mchele, na maneno yao yaliingia pamoja na vumbi la mwanga.

"Lilikuwa zima," alisema mwenyekiti. "Likaoshwa, likaharibika. Mtu amelichezea."

"Nani achezee gari lake mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti?"

"La kwake ni la wote, na la wote lina maadui. Hiyo inaitwa hujuma. Nikimjua aliyetia mkono nampeleka wilayani mimi mwenyewe, awe nani. Na Eliamini kama aliona akanyamaza, leseni yake naichukua."

"Na fedha ya pampu?"

"Jumatatu inatolewa. Tutafanyaje?"

Bi Zena aliwapelekea chai. Aliporudi ndani alinitazama, akatazama ungo. "Mwanangu," alisema, "umeacha mawe, umetupa mchele."

Jumapili tulipanda Vudee, lori tupu, moshi ukitufuata kwenye kona kama mtu anayedai kitu. Juu kulikuwa na ukungu na migomba ilikuwa ikidondosha maji. Mzee Eliamini alikwenda kulala. Mimi nilimfuata Mama Nambua jikoni, kwa sababu kulikuwa na moto na kwa sababu nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna orodha. Shikamoo, marahaba, akanisogezea kigoda. Alikuwa akisugua sufuria kubwa ya makande. Alisugua kwa mduara, bila haraka, akisimulia habari za ndama, na sufuria ikaanza kung'aa kutoka chini ya weusi wake, kwanza kipande kama sarafu, kisha kama sahani. Sikumbuki niliangalia kwa muda gani. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kifundo cha nyaya nyembamba zilizosokotana, ukubwa wa kichwa cha mtoto, na kando yake, ukutani, kilitundikwa kile ambacho kila jiko la kwetu lilikuwa nacho cha kusugulia kabla ya hapo: kishada cha katani.

"Mama," nilisema, "hizo nyaya umezipata wapi?"

"Si ulinipa wewe? Siku ya msaragambo. Ulizitupa kwenye majani, nikakuuliza, ukasema chukua." Akainua sufuria nijione. "Zinashinda katani mara kumi."

Basi niliona yote kwa mfululizo, kama mtu anayesoma ukurasa wa kamusi. Kichujio cha hewa cha lori lile kilikuwa bakuli la chuma lenye oili chini, na juu yake kifundo cha nyaya. Hewa hupita katikati ya nyaya zenye oili, vumbi linanaswa, hewa inaendelea kwenda kwenye injini. Mimi nilipolifungua nililiona bakuli limejaa tope jeusi na nyaya zimeshika nyasi na mabawa ya wadudu, nikaona aibu kwa niaba ya kijiji. Nililiosha bakuli. Nikatia oili mpya. Na nyaya zile zilizoonekana zimechoka nikazitupa, nikaenda stoo, nikachukua katani nyeupe mpya, nikaichana kwa vidole mpaka ikawa laini, nikaikunja na kuishindilia vizuri mahali pa nyaya, kwa kuwa katani ndiyo tuliyosafishia kila kitu na sikuona kitu kisafi kuliko hicho. Katani inakunywa oili. Inakunywa unyevu. Inavimba. Asubuhi ya baridi inavimba zaidi, mchana wa Makanya inakauka kidogo. Ilikuwa kwenye daftari langu, mwandiko wangu, saa na mahali.

Nilimwamsha Mzee Eliamini. Tulilifungua bakuli huku manyunyu yakitunyeshea mgongoni. Alikuwa ameinua kifuniko hicho mara mbili wiki ile, akapima oili kwa kidole, akaona ipo, akaona kitu cheusi juu yake kama siku zote, akafunga. Sasa alikivuta kikatoka kizima, kizito, kinachuruzika, kama panya aliyezama. "Kumbe niliteremka nimeshiba makande," alisema, "yaliyopikwa kwenye sufuria iliyosuguliwa kwa pua ya lori langu." Mama Nambua alileta kifundo cha nyaya, amekiosha kwa maji ya moto, amekasirika kidogo. Tukakirudisha. Injini ilipowaka, bomba lilitoa pumzi moja nyeusi, halafu hewa iliyotetemeka tu, na nyuma yake migomba ikaonekana.

Tukafunga boneti. Kisha Mzee akasema, "Jumatatu fedha haitoki. Nitamwambia mwenyekiti uchafu ulikuwa kwenye bomba la hewa. Yamekwisha."

"Hayajakwisha," nilisema. "Anataka kujua ni nani."

"Akijua atakula?"

"Majina kumi na manne yameandikwa, Mzee. Watu wote hao wanaangaliwa. Langu ndilo lisilopo."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Basi subiri ufike ishirini na mbili, ndipo ujipeleke wilayani."

Nilikuwa mkaidi. Niliandika ukurasa mmoja kwa kalamu ya wino: nani, lini, nini, kwa nini. *Mimi ndiye niliyetoa nyaya na kuweka katani. Hakuna mwingine aliyejua.* Nikatia sahihi. Kwa kuwa Mzee ndiye aliyekuwa akienda kwa mwenyekiti usiku ule, nilimpa daftari zima alikabidhi. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifunika kwa koti lisilowe.

Jumatano, uwanja uleule, mkaguzi alikuja na kitambaa kipya. Alihesabu ishirini. Kitambaa kilitoka na kivuli tu, rangi ya ukungu wa kwetu. "Mmefanya nini?" aliuliza. Mzee Eliamini akasema, "Tumelipenga kamasi, afande." Vijana wa sokoni walinyamaza tulipopita, kisha mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Tulipanda Vudee na chumvi na mabati, na wanawake kumi na saba wakiwa wamekaa juu ya magunia, mikono mapajani, vichwa vitupu.

Nilingoja kuitwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mwenyekiti alinisalimu kama kawaida, na daftari lilirudi stoo, nami sikuzifungua kurasa zile, kwa aibu. Mwisho wa mwaka aliniandikia barua ya kunisifu, nikapata nafasi ya mafunzo ya ufundi, na maisha yangu yote yakatokea mlango huo. Nilijifunza kutokana na mwaka ule jambo moja, nikalishika, nikawafundisha wote waliofanya kazi chini yangu: andika kosa lako kwa sahihi yako, na dunia haitakumeza. Nimelisema mara nyingi, kwa sauti ya mtu aliyejaribu.

Karatasi aliyonipa Mama Nambua ni ukurasa ule. Ulichanwa kwa uangalifu, kwa rula, karibu na uzi wa daftari. Wino haujafifia, kwa kuwa haukuona mwanga. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi tatu za kijiji, za miezi mitatu mfululizo, kwa jina la Eliamini, dereva: *makato, uzembe, kubadilisha kichujio bila idhini.* "Aliwaambia ni yeye," alisema Mama Nambua, akichochea moto. "Wakamwacha na leseni kwa sababu hapakuwa na dereva mwingine wa kona zile. Mimi nilimkasirikia. Akasema, wewe nawe umekula faida, sufuria zako zimeng'aa wiki mbili." Nilimuuliza kwa nini Mzee hakuniambia kwa miaka yote hiyo. Akasema aliwahi kumuuliza hilo. "Alisema unapenda sana mambo yako yakae sawasawa. Hakutaka kuyavuruga."

Tangu nirudi kutoka mazikoni nimelifungua daftari la zamani, nililoondoka nalo stoo, na kuongeza jina la kumi na tano mahali pake. Nimeongeza pia hesabu ambayo haikuwepo, kwa sababu inafaa iwe pamoja na mengine. Pampu ambayo haikununuliwa: kijiji kiliokoa shilingi elfu tatu na mia sita. Makato ya shilingi ishirini kila mwezi kwa miezi mitatu: Mzee Eliamini alipoteza shilingi sitini.